Kalamu ya wino ya Dior, Cardin au Cartier imegoma kuandika: dalili, chanzo na dawa

Kalamu za wino zenye majina ya nyumba za mitindo zilijaa madukani miaka ya 1970 na 1980, na nyingi zilinunuliwa ili zitolewe zawadi. Ndiyo maana leo unazikuta zikiwa na sura changa kuliko umri wake. Ziliandikiwa siku chache, zikarudishwa kwenye kisanduku wino ukiwa ndani, zikasahaulika. Mkusanyaji anaifungua, anakuta haina mchubuko hata mmoja, na haitoi hata nukta.

Kabla ya kushika chochote, elewa kwamba jina lililo kwenye kifuniko halikusaidii kuitengeneza. Nyumba ya mitindo haikuwa na kiwanda cha kalamu. Pierre Cardin, aliyefungua nyumba yake Paris mwaka 1950, aliuza haki ya kutumia jina lake kwa mamia ya bidhaa. Christian Dior alifariki mwaka 1957, kwa hiyo kalamu ya Dior ya mwaka 1980 hakuiona wala hakuichora. Yves Saint Laurent na Givenchy majina yao yalipita njia hiyohiyo ya leseni. Cartier ni masonara, si washonaji, lakini laini yao ya Les Must de Cartier iliyoanza 1973 wakusanyaji huiweka kwenye kundi hili, nami naiweka humo.

Utaratibu huu haujafa. Hermès ilipotoa kalamu ya Nautilus mwaka 2014, mchoro ulikuwa wa mbunifu Marc Newson na utengenezaji ulikuwa wa Pilot ya Japani. Kampuni hiyo ya Japani, enzi hizo ikiitwa Namiki, ndiyo iliyoitengenezea Dunhill ya London zile kalamu za laka (rangi ngumu inayong'aa) za miaka ya 1930 ambazo leo zinagombaniwa mnadani. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni moja: nani aliitengeneza? Kalamu mbili zenye jina lilelile zinaweza kutumia katriji tofauti (katriji ni kile kichupa kidogo cha plastiki kinachobeba wino ndani ya kalamu), na dawa inayoponya moja ikaivunja nyingine.

Mahitaji

Lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Ile bomba ndogo ya mpira inayouzwa famasi kwa kuvutia makamasi ya mtoto. Sirinji yenye sindano butu. Tishu, glasi ya maji baridi, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Hivyo vinatosha kwa kazi nyingi zilizomo humu.

Tuelewane pia kuhusu majina ya sehemu. Nibu ni ile ncha ya chuma. Ulimi ni kipande cha plastiki kilicho chini ya nibu, chenye mifereji midogo inayoleta wino. Shikio ni pale vidole vinapokaa. Mwili ni bomba la nyuma linalofunika katriji au konveta, na konveta ni kile kipampu cha kunyonyea wino wa chupa.

Haiandiki kabisa

Kwa kalamu iliyotoka kisandukuni, chanzo karibu kila mara ni wino uliokauka kwenye ulimi. Fungua mwili, toa katriji ya zamani. Ikiwa imeng'ang'ania, usiizungushe kwa nguvu. Loweka kwanza shikio lote likiwa na katriji yake. Simamisha nibu kwenye glasi ya maji baridi, maji yafike mpaka juu ya ulimi, uache usiku kucha. Asubuhi utaona uzi wa buluu au mweusi unashuka polepole kutoka kwenye mpasuo wa nibu na kujikunja chini ya glasi. Hiyo ni dalili njema: wino ule ulikuwa wa maji, utatoka wote. Badilisha maji, kisha weka mdomo wa bomba ya mpira nyuma ya shikio na usukume maji taratibu. Rudia mpaka tishu nyeupe ukiigusisha na nibu isipate rangi.

Usitumie maji ya moto. Plastiki ya ulimi hujikunja, na gundi iliyoshika pete za chuma huachia. Usitumie spiriti wala petroli ya aina yoyote, kwa sababu plastiki nyingi za wakati ule huyeyuka au hupasuka. Wino ukikataa kutoka, weka tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji. Ukikataa tena, amonia ya kusafishia, kipimo kimoja kwa kumi vya maji, kwa muda mfupi, na kwa nibu na ulimi peke yake: isiguse mwili wenye shaba wala uliochovywa dhahabu. Usiichanganye kamwe na jiki, mvuke wake ni sumu.

Kuna wino mmoja ambao haya yote hayauwezi, nao ni wino wa kuchorea, ule mweusi wenye gundi ndani yake. Ukiona mabaki meusi yanayong'aa kama vanishi, na maji yanabaki meupe hata baada ya siku mbili, umeukuta. Kalamu hiyo mpelekee fundi anayejua kuifungua, au inunue kwa bei ya vipuri tu.

Watu wengi hukimbilia kung'oa nibu. Mimi nakataza. Kwenye kalamu hizi nyembamba nibu na ulimi mara nyingi vimebanwa kwa mkao mmoja, na vingine vimegundishwa. Ukivuta kwa koleo, mbawa za nibu zinapinda na ulimi unakatika pale unapoingia kwenye shikio, na ulimi wa namna hiyo haupatikani dukani.

Ikiwa maji yanapita vizuri lakini wino hautoki, elekeza nibu kwenye mwanga na utazame kwa lenzi. Mpasuo unatakiwa uonekane kama mstari mwembamba wa mwanga unaozidi kuwa mwembamba kuelekea nchani. Usipoona mwanga kabisa, mbawa zimebanana. Pitisha kati yake kijikaratasi cha shaba chenye unene wa milimita 0.05, mara chache, bila kulazimisha. Wembe hapana: unakwaruza kingo za ndani, na wino ukishapata mkwaruzo hautiririki tena ipasavyo.

Inaanza vizuri, inakauka katikati ya mstari

Hapa wembamba wa kalamu ndio mkosaji. Wabunifu walitaka kalamu ikae kwenye mfuko wa koti bila kuvimbisha kitambaa, kwa hiyo katriji na konveta zake ni za tundu jembamba sana. Kwenye tundu kama hilo wino hung'ang'ania ukutani nyuma badala ya kushuka kwenye ulimi. Toa katriji uitazame: kama wino umekaa mwisho kabisa na hewa iko mbele, umeshapata jibu.

Osha katriji au konveta kwa maji yenye sabuni kidogo, suuza sana, kausha. Mafuta ya kiwandani au ya vidole yakitoka, wino hushuka wenyewe. Baadhi yetu huweka kigololi kidogo cha chuma kisichoshika kutu ndani ya katriji ili kiuvunje mgando huo kila kalamu inapoinamishwa, na kinafanya kazi kweli. Badilisha na wino pia, uchague ulio mwepesi. Quink, ambayo Parker waliitoa mwaka 1931, au Pelikan 4001 ya buluu zinafaa. Wino wenye vimetameta na wino wa kumbukumbu uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma usiuweke humu. Ule wa kwanza huziba mifereji, na wa pili una tindikali inayokula dhahabu ya kuchovya.

Ikiwa inakauka baada ya ukurasa mzima na kurudi ukiifungua na kuifunga, shaka mfereji wa hewa. Wino hauwezi kutoka kama hewa haiingii. Rudi kwenye kuosha.

Katriji au konveta haiingii

Hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi, na ndilo linaloonyesha wazi kwa nini jina halitoshi. Kalamu nyingi za Ulaya za kundi hili hutumia katriji ya kimataifa, ambayo fupi yake ina urefu wa takribani milimita 38 na ndefu karibu mara mbili ya hapo. Lakini watengenezaji kalamu Parker, Sheaffer na Cross kila mmoja alikuwa na mdomo wake, yaani umbo la pale katriji inapoingia. Kiwanda kilichotengeneza kalamu ya mbunifu ndicho kilichoamua mdomo upi utumike.

Angalia ndani ya shikio kwa kutumia tochi. Mdomo wa kimataifa una kijibomba chembamba katikati kinachotoboa katriji. Ijaribu katriji fupi ya kimataifa kwa kuisukuma sawasawa na kwa upole. Inatakiwa ikutane na ukinzani mdogo, kisha utasikia kishindo kidogo cha kutoboka. Ikicheza ndani kama jino bovu, au ikigoma kabisa, acha. Kulazimisha kunapasua kile kijibomba, na kuanzia hapo kalamu itavuja daima.

Katriji ikikubali na konveta ikakubali, lakini mwili ukakataa kufungwa, tatizo ni upana. Konveta ya kawaida ya kimataifa ni nene kuliko nafasi iliyomo kwenye kalamu nyembamba. Pima upana wa ndani wa mwili kabla ya kununua konveta yoyote, usipime urefu peke yake. Zipo konveta fupi na nyembamba, lakini hubeba wino kidogo mno, na binafsi naona hazifai kazi yoyote inayozidi sahihi. Njia iliyo bora ni kutunza katriji tupu, kuiosha, na kuijaza upya kwa sirinji kutoka kwenye chupa. Katriji moja inakubali kujazwa mara nyingi kabla mdomo wake haujalegea. Siku utakapoona unyevu kuzunguka mdomo, itupe.

Konveta asilia ya kubinya, yenye kifuko cha mpira ndani ya ganda la chuma, ikikutwa na kalamu yake ni mali. Lakini mpira wa miaka 40 huwa mgumu au unanata. Ibinye ndani ya glasi ya maji: isipotoa mapovu, au ikitoa mapovu ubavuni, kifuko kimekwisha. Ganda litunze, kifuko kinabadilishwa na fundi.

Wino vidoleni, au ndani ya kifuniko

Kwanza tofautisha kuvuja na kutapika. Kalamu inayotapika hufanya hivyo ikiwa na wino kidogo, kwenye joto. Hewa iliyo ndani inapanuka na kuusukuma wino nje. Mwili wa chuma hupokea joto la mkono na la gari lililoegeshwa juani haraka kuliko plastiki, na ndani ya ndege mambo huwa hayohayo kwa sababu ya mgandamizo wa hewa. Isafirishe ikiwa imejaa au tupu kabisa, nibu ikitazama juu.

Inayovuja huvuja hata ikiwa baridi na imejaa. Ikaushe kabisa, ijaze maji yenye rangi kidogo, izungushie tishu kwenye shikio, kisha ilaze. Doa la kwanza kwenye tishu ndilo linaloonyesha ufa. Mara nyingi utalikuta pale plastiki ya shikio inapokutana na pete ya chuma, kwa sababu chuma na plastiki havipanuki sawa na pete hubana miaka yote. Ufa wa hapo ni kazi ya fundi. Gundi kali ya dukani huacha ukungu mweupe, ikikauka inakuwa kavu mno, na ufa unarudi ukiwa mrefu zaidi.

Ukiiacha siku tatu inakuwa imekauka

Kifuniko hakizibi. Kifuniko cha kusukuma chenye kibanio cha chuma, ambacho wabunifu walikipenda kwa sababu kinalia vizuri kinapofunga, hutegemea kifuko kidogo cha plastiki kilicho ndani yake. Plastiki hiyo husinyaa au hupasuka. Osha kifuniko, weka mdomo wako kwenye uwazi wake, vuta hewa: ulimi wako unatakiwa uvutwe na ubaki umevutwa kidogo. Ukisikia hewa inapita bila kikwazo, angalia kwanza kama kuna tundu lililotobolewa kwa makusudi, maana vifuniko vingine vinalo. Kama hakuna, basi kifuko kimepasuka.

Kuna wanaoziba kwa nta au silikoni ndani. Sikushauri ufanye hivyo kwa kalamu ya thamani, kwa sababu masalia yanaingia kwenye nibu na kuondoa uasilia wake. Ilaze badala ya kuisimamisha, iandikie kila siku, au ioshe unapojua utaiacha.

Inakwaruza karatasi

Tazama nibu kutoka mbele kwa lenzi, kana kwamba inakuangalia. Utaona vipande viwili vya ile madini ngumu ya nchani, kimoja kwa kila ubawa. Vinatakiwa viwe usawa mmoja. Kimoja kikiwa juu ya kingine hata kwa unene wa unywele, kitakwaruza unapoandika upande mmoja na kuteleza unapoandika upande mwingine. Bonyeza ubawa ulio juu kwa ukucha, kidogo sana, tazama tena, rudia. Hii ndiyo tiba ya mikwaruzo mingi, na haihitaji msasa.

Msasa uje mwisho, ule laini kabisa wa kung'arishia, na kwa miguso michache tu. Hapa ni lazima ujue nibu ni ya nini. Muhuri wa 750 ni dhahabu ya karati 18, na 585 ni karati 14. Dhahabu ya karati 18 iliyopimwa Ufaransa hupigwa pia muhuri wa kichwa cha tai, mdogo kiasi kwamba bila lenzi utaudhani ni mkwaruzo. Ukikosa mihuri hiyo, chukulia ni chuma kilichochovywa dhahabu, na kila mguso wa msasa unaondoa dhahabu hiyo. Nibu ya chuma siyo ya kudharau, huandika vizuri sana. Ila isiuzwe kwa bei ya dhahabu.

Ikiwa ile madini ya nchani imekwisha au imeng'oka upande mmoja, hakuna la kufanya nyumbani. Nibu ibadilishwe.

Dhahabu imechubuka, kuna kijani, laka imepasuka

Chini ya dhahabu au laka mara nyingi kuna shaba ya njano. Kijani unachokiona kwenye pete na kwenye mzunguko wa shikio ni kutu ya shaba: wino na jasho vimepita kwenye tobo dogo la dhahabu. Kifute kwa kijiti cha meno na tone la maji, kausha, basi. Dawa za kung'arishia shaba na dawa ya meno ziache mbali. Zinasugua dhahabu yenye unene wa mikroni chache na kuimaliza kwa mara moja. Vishimo vya kijivu vinavyobomoka vikiguswa ni jambo jingine. Hapo msingi ni zinki, chuma chenyewe kinaoza, na hakuna anayeweza kukirudisha.

Laka inatofautiana sana. S.T. Dupont ya Faverges, Ufaransa, ilijijengea jina kwa laka ya Kichina inayotokana na utomvu wa mti na kupakwa tabaka kwa tabaka. Kalamu nyingi za leseni zina rangi ya kiwandani iliyopewa jina la laka. Zote mbili zikibanduka hazizibwi kwa rangi ya kucha, hata rangi ikifanana. Doa lililobanduka liache wazi na bei iakisi doa hilo.

Kisanduku nacho ni adui. Sponji iliyomo ndani huoza kwa unyevu, ikageuka unga wa kahawia unaonata na kuganda juu ya laka. Nimeona kalamu nzuri zenye alama ya mistari ya sponji mwilini, haitoki. Kisanduku kitunze kando kwa ajili ya historia, kalamu ilale kwenye kitambaa cha pamba. Ukiwa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, ambako hewa ina chumvi, ongeza vile vipakiti vya kunyonya unyevu, ila usivirundike karibu na laka halisi. Laka hiyo haipendi ukavu mkali.

Wasiwasi kuhusu uhalali wake

Kalamu za Cartier zimeigizwa sana. Angalia michoro ya herufi kwa lenzi: ile ya kweli ina kingo kali na kina sawasawa, ya bandia ina kingo za mviringo au imepigwa kwa rangi. Kwa Cardin na wenzake ugumu ni wa aina nyingine. Tofauti kati ya kalamu mbili si ushahidi wa ubandia, kwa sababu leseni zilikuwa nyingi, na mpaka karne hii kampuni ya Flair ya India imekuwa ikitengeneza kalamu zenye jina la Pierre Cardin kwa leseni halali. Kwa hiyo kalamu ya Cardin inayotangazwa kuwa ya 1975 inaweza kuwa ya halali kabisa na bado ikawa ya juzi.

Kwa anayenunua akiwa mbali, huku ushuru na nauli vinamngoja, mwombe muuzaji picha nne kabla hujatuma hela: nibu kutoka juu ili mihuri isomeke, nibu kutoka mbele, mdomo wa katriji mwili ukiwa umefunguliwa, na pale shikio linapokutana na pete. Muulize pia wino wa mwisho ulikuwa upi na kama ilioshwa. Anayekataa kufungua mwili na kupiga picha ya tatu, mwache na kalamu yake, hata kama kisanduku na cheti vyote vipo.